Televisheni Hutazama Ilikotoka

Televisheni ya kwanza ilifika Mugeta siku ya Alhamisi, saa tano asubuhi, imeviringishwa kwenye blanketi na kufungwa kamba ya katani kama mbuzi wa mnadani. Ilikuwa TV ya chogo, inchi ishirini na moja, nzito mpaka kondakta aliyeishusha akamuuliza Yuliana kama mle ndani kuna mashine ya kusaga. Haikuwa na king'amuzi. Haikuwa na antena. Rimoti yake ilikuja ndani ya bahasha ya kaki, betri zimetolewa, kwa sababu betri zilikuwa bado nzima.

Saa sita Fredi akapiga simu kutoka Musoma.

"Shikamoo mama. Umepata mzigo? Sasa upweke basi. King'amuzi nitatuma mwisho wa mwezi."

Hakusema mwezi gani, na Yuliana hakuuliza. Alimzaa yeye mwenyewe. Alijua kwamba ahadi za mwanawe wa kwanza huwa na mwisho wa mwezi, ila mwezi wenyewe hazina.

Miezi mitatu nyuma walikuwa wamemzika mzee Keraryo, mume wa Yuliana na baba wa Fredi. Fredi alikuja mazikoni na miwani ya jua, akarusha udongo kwa vidole viwili, akawaambia waombolezaji kwamba spika waliyokodi ina besi mbovu, akaondoka kabla ugali haujaiva. Msiba ulikuwa na mambo mengi, lakini watu walikumbuka lile la besi.

TV isiyo na king'amuzi huonyesha chenga. Hilo halihitaji kusomewa. Yuliana aliichomeka kwenye umeme aone tu kama taa nyekundu inawaka. Taa ikawaka, kioo kikanguruma, kikapata moto, kikamwonyesha Fredi.

Alikuwa amekaa kwenye kochi lake huko Nyakato, Musoma, na singlendi, anatafuna karanga. Alikuwa wa kijani, na kichwa chake kilivutwa upande wa kulia kama andazi lililoshikwa bado bichi. Yuliana alimtazama mpaka karanga zikaisha. Kisha akaenda kuwapa kuku maji.

Kesho yake aliitwa Dennis, fundi redio wa pale senta. Dennis aliifungua mgongo, akapuliza vumbi, akachungulia, akafunga.

"Haina ugonjwa, mama. Inatazama kwao."

"Itazoea?"

"Ng'ombe anazoeaga. Hii sijui, sijawahi kuifuga."

Basi, ikaishia hapo. Mugeta ni watu wa mifugo. Ukinunua ng'ombe Butiama ukamleta Mugeta, atasimama zizini siku nyingi uso umeelekea Butiama, na hakuna anayekimbia kumwita padri. TV nayo ilitazama ilikotoka. Tofauti ni kwamba kwa ng'ombe huwezi kuona anachokiona.

Na kwa kuwa ilitazama kutokea pale pale ilipokaa zamani, na pale pale ndipo Fredi alipoweka TV yake mpya, ikawa Fredi anamtazama mama yake usoni. Kila siku, kuanzia saa kumi na moja jioni akitoka ofisini. Alimtazama bila kupepesa, mdomo wazi kidogo, saa nzima, saa mbili. Hakuwahi kumtazama hivyo tangu aache kunyonya.

Yuliana akamfumia TV kitambaa. Alikuwa mfumaji wa kroshia tangu usichana wake, na kila kitu cha heshima ndani ya nyumba ile kilikuwa na kitambaa cheupe: viti, meza, mtungi, redio ya marehemu. Cha TV kilikuwa kidogo, cha pembe tatu, kinakaa juu ya chogo na ncha yake inaning'inia mbele kama nywele za kwenye paji la uso.

Kitu kimoja tu hakikuwa na kitambaa, nacho ni kigoda cha mzee Keraryo.

Kwenye ukoo ule mwanaume akifa kigoda chake hakiguswi. Kinabaki pale alipokikalia mara ya mwisho mpaka mtoto wake wa kwanza aje, akibebe kwa mikono yake, akivushe kizingiti na kuondoka nacho kwenda kukiweka kwake. Hapo ndipo matanga yanaanuliwa. Kabla ya hapo mjane halali nyumba nyingine hata siku moja, na mtoto mchanga haingizwi kwenye nyumba ile. Padri alishasema kanisa halina shida na kigoda. Ukoo nao ukasema hauna shida na padri.

Msimamizi wa mambo haya alikuwa Euphrasia, dada wa marehemu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kufukuzia kunguru. Alizijua sheria zote, na aliyoipenda kuliko zote ni hii: aliye njiani anasubiriwa. Mtoto wa kwanza akikataa, kazi inahamia kwa anayemfuata, awe wa kiume au wa kike. Lakini akisema anakuja, anasubiriwa, hata mbuzi wa sherehe afe kwa uzee.

Fredi hakuwahi kukataa. Fredi alikuwa njiani.

Jambo hili lingekuwa la kuvumilika kama si Matrida, mtoto wa pili, aliyeolewa Kibara, kule ziwani, na mwaka uliofuata msiba akajifungua mtoto wa kike. Akampa jina la bibi yake, Yuliana. Bibi asingeweza kwenda kulala Kibara. Mtoto asingeweza kuletwa Mugeta. Kati ya Yuliana mkubwa na Yuliana mdogo kilikaa kigoda cha miguu mitatu, kimo cha jogoo.

"Mpigie tena," Euphrasia alisema.

Yuliana akapiga. Ilikuwa Jumapili mchana, ametoka misani, TV iko wazi.

"Mama, niko Dodoma kwenye semina," Fredi akasema kwenye simu. "Nikitoka huku nakuja moja kwa moja."

Kwenye TV mtu wa kijani mwenye kichwa cha andazi aliweka simu sikioni, akasema neno refu, akaishusha.

"Wifi," Euphrasia akauliza, "Dodoma nako kuna kochi kama lile?"

"Picha haieleweki. Mtu wa kijani anaweza kuwa mtu yeyote."

"Amevaa singlendi aliyokuwa nayo jana."

"Singlendi zinafanana."

Kwa mwaka mzima picha mbaya ilimsitiri Fredi kuliko alivyojisitiri mwenyewe. Kama angekuwa na akili angeiacha pale. Lakini Fredi alikuwa mtu wa kupanda daraja.

Alikuwa na cheo cha kutosha kwenye ofisi moja mjini, na cheo hicho kilimpa muda. Alisoma kuhusu televisheni kama watu wengine wanavyosoma kuhusu maradhi yao. Wiki tatu walimwona, kijani, amekaa na mfanyabiashara mmoja mwenye duka la vyombo vya umeme Musoma, jina lake Rashidi, mtu mwenye tumbo la heshima na futi ya chuma mfukoni. Rashidi alipima ukuta. Akapima kutoka ukutani mpaka kwenye kochi, kutoka sakafuni mpaka kwenye jicho la Fredi, kutoka jicho la kushoto mpaka dirishani. Mwisho wa vipimo ikanunuliwa ya inchi hamsini na tano, na ile flati ya inchi thelathini na mbili iliyokuwepo ikapakiwa kuja Mugeta. Kwa hiyo Fredi alijua umbali wa jicho lake mpaka ukutani, kwa sentimita. Umbali wa mama yake hakuujua. Alidhani ni mbali.

Chogo likahamia chumba cha stoo na kitambaa chake. Flati ikakaa mezani, haina king'amuzi, ikatazama Nyakato.

Sasa Fredi alikuwa na rangi yake. Alionekana ana kitambi kipya na pete. Nyuma yake alionekana Hana, mkewe, akipita na beseni la nguo kama mtu anayekatiza uwanja wa mpira. Jioni moja Yuliana alipiga simu, akaona simu ikiwaka mezani kwa Fredi. Hana akaiokota, akamwonyesha. Fredi akasema kitu, akaichukua, akailaza kifudifudi karibu na sahani ya sato.

Alisema nini, halikujulikana. Flati zina ugonjwa huo: sauti inatokea mgongoni, inaongea na ukuta. Ilisikika kama mtu aliyefungiwa kwenye debe.

"Labda amesema atapiga akimaliza kula," Yuliana akasema.

"Sato ana miiba mingi kiasi gani?" Euphrasia akauliza.

Walikaa wakasubiri. Fredi alimaliza sato, akanawa, akarudi kuwatazama.

"Izime basi hiyo, wifi. Inakutia uchungu bure."

"Mtoto hazimwi," Yuliana akasema, akaendelea kufuma.

Hata hapo Fredi angesalimika, kwa kuwa midomo si ushahidi. Lakini Rashidi alimweleza kwamba picha ya inchi hamsini na tano bila sauti yake ni kama pilau bila nyama, na kwamba siku hizi wastaarabu wameacha masabufa, wanatumia saundibaa, fimbo moja nyeusi chini ya kioo na dude la besi kwenye kona. Fredi akanunua fimbo na dude. Sabufa ya zamani, na spika zake mbili ndogo na waya zote isipokuwa mmoja, ikatumwa Mugeta. Dennis akaupata ule waya mmoja kwenye redio mbovu, akaunganisha.

Siku hiyo Yuliana alimsikia mwanawe akimeza mate.

Alisikia kijiko kikigusa sahani, kochi likilalamika, Hana akihema jikoni. Na Jumamosi saa tisa mchana alisikia mazungumzo haya, kila neno na besi yake.

"Bosi, na msiba wa mzee uliisha?" Rashidi aliuliza, amepiga magoti, anaelekeza dude la besi.

"Bado. Kuna kigoda natakiwa nikakichukue nije nacho hapa."

"Kukiweka wapi?"

"Ndiyo hapo sasa. Kikae kwenye kona, mila inasema kona ya sebule. Na kona iliyobaki ndiyo hiyo."

Rashidi aliitazama kona, akatazama dude la besi, akatikisa kichwa taratibu kama daktari. "Mti wa mviringo unakula besi, bosi. Sauti inagonga pale inarudi imechoka. Mimi ningekuwa wewe, ningengoja."

"Ndiyo nangoja."

"Na mama hasemi kitu?"

"Mama yuko sawa. Nimempa burudani."

Euphrasia aligeuka amtazame wifi yake. Yuliana alikuwa anahesabu vitanzi. Alihesabu mpaka arobaini na nane, akakosea, akafumua mstari mzima, akaanza upya.

"Amesema anangoja," akasema hatimaye. "Hajasema anakataa."

"Hajakataa," Euphrasia akakubali, maana sheria ni sheria. "Ila mura wako huyu, wifi, mimi ningemfunga kamba na hilo dude lake, niwauze pamoja."

Mwaka wa nne ikaja ile ya inchi hamsini na tano, kwa kuwa Fredi alishapata ya sitini na tano. Iliwabidi watu wanne kuiingiza. Dennis aliitundika ukutani juu ya kigoda, na flati ya thelathini na mbili Yuliana akampa wifi yake, aliyekuwa anaishi nyumba ya nne kutoka hapo. Huko haikumwonyesha Fredi tena. Ilionyesha sebule ya Yuliana, kutokea pale mezani ilipokaa. Euphrasia aliona ni jambo la kawaida. Kuanzia hapo hakuja tena kuuliza kama kumepikwa. Alikuja kukiwa kumepikwa.

Yuliana alilitia jambo hilo akilini, akalifunga kama fundo la kanga.

Kuhusu ile ya inchi hamsini na tano hakuna la kueleza. Ilionyesha kila kitu. Ilionyesha nzi kwenye glasi na kovu la Fredi la utotoni, alipoanguka kwenye jiwe la kusagia na Yuliana akambeba mgongoni kutoka Mugeta mpaka zahanati. Kovu lilikuwa na urefu wa kidole gumba cha Yuliana. Alilipima.

Mwezi wa nane Fredi alisema anakuja. Safari hii alisema kwa sauti, akataja siku, Jumamosi, akataja hata saa, saa nne asubuhi. Ukoo ukaitwa. Matrida alikuja toka Kibara, akamwacha mtoto kwa mama mkwe wake. Mbuzi akachinjwa alfajiri. Saa tatu watu walikuwa wamejaa sebuleni, na hakuna aliyechungulia barabarani, kwa sababu TV ilikuwa wazi.

Saa tatu na nusu Fredi alikuwa kwenye kochi, na singlendi.

"Atavaa sasa hivi," Yuliana akasema.

Saa nne akaletewa supu.

Saa tano Rashidi aliingia na bisibisi. Alikuja kuishusha TV sentimita nne, maana shingo ya Fredi ilikuwa inachoka. Tumbo lake likajaza inchi zote hamsini na tano, vifungo vya shati vikionekana kimoja kimoja, na ukoo mzima ukakaa ukitazama tumbo la muuza duka kwa dakika ishirini.

Saa sita simu ya Yuliana ikaita. Tumbo likasogea pembeni. Fredi alikuwa ameshika simu sikioni na bakuli la supu mkono wa pili.

"Shikamoo mama. Niko njiani."

Midomo ilitangulia kwenye TV, sauti ikafuata kwenye simu, kama filamu iliyotafsiriwa. Kisha sabufa nayo ikalitoa lile neno, njiani, na besi yake, mpaka vikombe vikatetemeka kabatini.

"Marahaba mwanangu. Umefika wapi?"

"Nimeshapita Butiama, ila gari imesumbua kidogo. Fundi anaiangalia." Rashidi akakatiza nyuma yake na bisibisi. Hapo Fredi akatega sikio, uso ukachangamka. "Mama, hiyo ni sabufa yangu naisikia? Umeona besi ile! Na mlikuwa mnaniambia nakupa vitu vya zamani."

Matrida akanyoosha mkono, akapokea simu kutoka kwa mama yake.

"Kaka, tunakuona."

"Hata mimi natamani kuwaona, mdogo wangu."

"Umekaa kwenye kochi. Una mchuzi kidevuni."

Kwenye TV Fredi akajifuta kidevu kwa kiganja. Akakitazama kiganja. Akajifuta tena, upande ule uliobaki.

"Mtandao huku unakatakata," akasema. "Nisubirini. Nakuja." Akaikata simu, akailaza kifudifudi, akarudi kuwatazama wote, mdomo wazi kidogo.

Sebuleni pakawa na minong'ono. Matrida alisimama katikati ya nyumba. "Shangazi, umeona mwenyewe. Ukoo wote umeona. Hajaja na haji. Nipe mimi nikitoe hicho kigoda, mama aende zake Kibara leo leo."

Euphrasia alifunga kanga kiunoni upya, kama anavyofanya kabla ya kuhukumu.

"Amesema anakataa?"

"Amekaa kwenye kochi!"

"Sijakuuliza alipokaa. Nimekuuliza alichosema."

"Amesema yuko njiani," mtu mmoja akajibu toka nyuma.

"Aliye njiani anasubiriwa."

"Lakini shangazi, tunamwona!"

"Tunaiona TV," Euphrasia akasema. "Mila haijui TV. Kwenye mila mtu yuko pale miguu yake ilipovuka, na neno lake ni lile alilolitamka. Mimi mwenyewe ningependa nimchape bakora huyu mtoto hapo hapo kwenye kioo. Lakini nikianza kuhukumu kwa TV leo, kesho mtataka kuzika kwa TV. Mbuzi ameiva. Leteni maji ya kunawa."

Walinawa, wakala. Mbuzi alikuwa mtamu, kila mtu alisema hivyo, na Fredi akawatazama wakila mpaka mifupa. Kigoda kilibaki chini ya kioo, kimezungukwa na miguu ya watu.

Matrida alipokuwa anajiandaa kuondoka, mama yake alimshika mkono, akampeleka stoo, akafunua kitambaa cha pembe tatu.

"Beba hili chogo."

"Mama, hili la nini? Kule tunayo redio."

"Liweke kwenye kona ambayo mtoto anachezea. Likae mwaka mzima, lizoee. Kisha nirudishie."

Matrida alimtazama mama yake, akalitazama chogo. Akaenda kutafuta blanketi na kamba.

Huko Kibara, katikati ya harufu ya dagaa wanaoanikwa, chogo likaonyesha sebule ya Mugeta kutokea pale kwenye kona lilipokuwa limekaa mwaka wa kwanza, maana stoo halikuwahi kuwashwa. Yuliana hakumwona mtoto, lakini alijua kona ya kutazama. Kila siku saa kumi alasiri aliweka kiti mbele ya kona ile tupu, akakaa. Akaonyesha kifaranga. Akaonyesha hindi lenye punje nyekundu. Akaonyesha jinsi kitanzi kinavyoingia kwenye kitanzi. Watu waliopita mlangoni walimkuta bibi mzima anaongea na ukuta, wakasalimia, wakaendelea na safari zao. Juu ya kigoda, Fredi mwenye inchi hamsini na tano alimtazama ubavu.

Mwaka ulipotimia chogo likarudi. Dennis akalichomeka kwenye kona yake, likanguruma, likapata moto.

Yuliana mdogo alikuwa wa kijani. Kichwa chake kilivutwa upande wa kulia. Alikuwa anatembea kwa kurukaruka, na alikuja moja kwa moja mpaka kwenye kona iliyoachwa tupu, akasimama, akatazama mbele bila kupepesa. Alikuwa amezoea kwamba bibi yuko pale. Akatoa kijiko mgongoni, akamwonyesha. Akakiweka chini, akaenda, akarudi na kipande cha sato, akamwonyesha nacho, kisha akakila.

Yuliana alimshukuru kwa vyote viwili.

Ndipo Euphrasia akaingia, maana alikuwa ameona kwake kwamba kuna chai. Alisimama mbele ya chogo muda mrefu. Yuliana aliacha kufuma. Mtoto asiyeruhusiwa kuingia kwenye nyumba yenye kigoda alikuwa mle ndani, kijani, anacheka.

"Miguu yake imevuka kizingiti?" Euphrasia akauliza.

"Haijavuka."

"Basi hajaingia," Euphrasia akasema, akavuta kiti. "Mila haijui TV. Sukari iko wapi?"

Wakakaa wawili, migongo wameielekeza ukutani kwenye kile kioo kikubwa. Nyuma yao walimsikia Fredi akimeza kitu. Simu ikaita.

"Shikamoo mama. Habari njema: nimechukua ya sabini na tano! Kwa hiyo hii ya sitini na tano nakuletea. Safari hii naileta mwenyewe, mwezi wa kumi na mbili lazima. Tayari nahesabu niko njiani."

"Marahaba. Njoo salama," Yuliana akasema. "Hiyo ya sitini na tano, ina upana gani?"

Kwa miaka yote mitano mama yake hakuwahi kumuuliza swali kuhusu kifaa. Yuliana aligeuza shingo akamwona usoni: mwanawe alikuwa amefurahi kweli kweli, macho yanang'aa, kovu limenyooka. Alisimama mwenyewe, akachukua futi kwa Rashidi, aliyekuwa amekuja kuifunga ile mpya, akaja mpaka kwenye kioo, karibu kabisa, pua yake ikajaza ukuta.

"Mama! Siku hizi unayaelewa haya mambo. Andika: sentimita mia moja arobaini na tano kwenda pembeni. Themanini na tatu kushuka chini. Na ni nyembamba, mama, huwezi kuamini. Sentimita sita tu."

"Na kwenye pembe, ni za mraba au zimeviringika?"

"Za mraba!"

"Asante mwanangu."

Kitambaa cha ile ya inchi hamsini na tano alikuwa amekimaliza wiki ile, cheupe, kizito, maua yamebanana bila tundu, kimekunjwa kwenye kikapu. Alinyanyuka na kukitundika juu ya kioo kutoka pembe mpaka pembe, akakivuta chini mpaka kikafika karibu na kigoda bila kukigusa. Pua ya Fredi ikazama kwenye maua. Sabufa iliendelea kusikika ikihema.

Kisha akarudi kwenye kiti chake mbele ya chogo, akamwambia wifi yake ampitishie uzi ule mpya, akaanza kuhesabu vitanzi vya sentimita mia moja arobaini na tano.